Miti ya Matunda Uani Kariakoo: Paa Linatosha

Kiangazi kikibana, wenye nyumba za ua katika Kariakoo, Ilala, Gerezani na Upanga huulizana jambo moja: tuchimbe kisima? Mtu ana miembe miwili aliyoachiwa na wazazi, mstafeli, mindimu miwili, mipapai ya juzi juzi na mkomamanga kwenye pipa. Bomba linatoa maji siku linapotaka. Majani yanajikunja, matunda machanga yanadondoka, na fundi wa visima yuko tayari kuja kesho. Kwa sehemu hii ya jiji jibu langu ni hapana, tena hapana isiyo na mashaka.

Sababu ya kwanza ni chumvi. Tuko karibu na bahari, na maghorofa mengi ya Kariakoo na katikati ya mji yana visima vyake vinavyovuta maji kila siku. Maji baridi yaliyo ardhini yakivutwa kuliko yanavyorudishwa na mvua, ya bahari hujongea kuziba pengo. Anayekaa kwenye majengo hayo anayajua maji ya chumvi kwa ulimi wake: sabuni haitoi povu na chai ina ladha yake. Mti nao unayajua. Ncha za majani huungua na kuwa kahawia, kisha kingo, kisha jani zima huanguka, na juu ya udongo hubaki ukoko mweupe. Mchungwa, mndimu na mparachichi ndio wa kwanza kulalamika, na mwembe hauko mbali nao. Mnazi, mtende na mkunazi huvumilia, lakini sidhani kama umekusudia kula kunazi mwaka mzima.

Sababu ya pili ni vyoo. Uani kwetu shimo la choo, chemba na mti wa matunda vyote vinagawana kiwanja kimoja, na majirani wa pande zote nao hivyo hivyo. Kisima kifupi katika mazingira hayo kinavuta yaliyomo vyooni. Tena uchimbaji wa kisima kirefu unahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, na gharama za kuchimba, pampu na umeme ukizijumlisha, ndimu moja itakutoka kwa bei ya dukani mara kadhaa.

Sasa tutazame juu. Dar es Salaam hupata mvua ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka wa kawaida. Masika ni Machi hadi Mei, Aprili ikiongoza kwa milimita 250 hivi peke yake. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Hesabu yenyewe mtoto wa shule ya msingi anaiweza: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati, unapata lita moja ya maji. Chukua nyumba ya Kiswahili yenye paa la mita 10 kwa 12. Hizo ni mita za mraba 120. Toa sehemu ya tano kwa ajili ya yanayoruka pembeni, yanayokauka kwenye bati la moto na yanayovuja kwenye maungio. Kila milimita inakuachia lita 96. Aprili peke yake ni lita 24,000, na mwaka mzima ni zaidi ya lita laki moja. Maji hayo yote leo yanaanguka kwenye baraza, yanachimba msingi wa nyumba, kisha yanakwenda mtaani kuungana na ya wenzake kuelekea Jangwani.

Wazo hilo si geni Kariakoo. Soko letu kuu, lililojengwa miaka ya 1970 kwa usanifu wa Beda Amuli, lina paa la miavuli ya zege iliyopanuka juu na kubana chini kama faneli, na ilibuniwa hivyo ili mvua ishuke kupitia nguzo ihifadhiwe chini. Watu wanapita chini ya miavuli hiyo kila siku wakiwa na madumu mikononi.

Anza na gata, ndipo ufikirie tanki. Watu hufanya kinyume: wananunua tanki kubwa, kisha wanalijaza kwa maji ya boza. Si lazima ufunge gata nyumba nzima. Upande mmoja unaotazama ua, yaani mita za mraba 60, unatoa lita 48 kwa kila milimita, na tanki la lita 5,000 litajaa kabla Aprili haijafika nusu. Gata liwe na mteremko kidogo kuelekea kwenye bomba la kushusha, na bomba hilo lisiwe chini ya inchi 3, maana mvua ya masika hainyeshi kwa adabu. Mdomoni weka wavu wa kuzuia majani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite bila kuingia tankini, kwa kuwa inaosha vumbi la miezi mitatu pamoja na kinyesi cha kunguru, na kunguru wa Dar hawana upungufu wa kinyesi. Ukiielekeza moja kwa moja kwenye shina la mgomba, hujapoteza kitu. Hiyo ni mbolea.

Kuhusu ukubwa wa tanki, tuchukue miti minane michanga, iliyo chini ya miaka mitatu. Kila mmoja unapewa ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Hizo ni lita 320 kwa wiki. Tanki la lita 5,000 likijaa mwishoni mwa Mei litakufikisha katikati ya Septemba. Zinabaki wiki chache kabla ya vuli, na wiki hizo tutazitafutia maji jikoni. Kwa hiyo huhitaji lita 20,000 za tanki. Usishawishike na muuzaji wa Gerezani anayekuambia kubwa ni bora. Kubwa linakula nafasi ambayo mti mmoja zaidi ungeota.

Ghala kubwa kuliko tanki lolote ni udongo wenyewe, na hapo ndipo wengi tunapopoteza. Udongo wa mchanga wa Dar unapitisha maji upesi mno. Ukimwaga ndoo kwenye shina, dakika tano baadaye maji yako chini kusikofikiwa na mizizi michanga. Wakati wa kupanda, chimba shimo la futi mbili kila upande, na udongo unaourudisha uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Karibu na machinjio ya Vingunguti haikosekani. Isiyooza iache, inaunguza mizizi, na samadi mbichi nayo ina chumvi zake. Kwa mti uliokwisha kupandwa, chimba kisahani kuuzunguka. Kisahani hicho kisikae kwenye shina. Kiwe chini ya pale matawi yanapoishia, kwa sababu mizizi inayokunywa iko huko, na shina likilowa kila siku linaoza gome. Bomba la kufurika la tanki lielekeze kwenye visahani hivi kwa mpira wa maji. Masika yote tanki likiwa limejaa, kila tone la ziada liingie ardhini chini ya miti yako. Acha tu umbali wa kutosha na ukuta wa jirani, usije ukaitwa kwa mjumbe.

Kisha funika. Hapa Kariakoo ni mahali tajiri kuliko shamba lolote. Wauza madafu na wauza nazi wanatupa makumbi kila jioni na wanafurahi ukiwaondolea. Fukia makumbi katika mfereji kuzunguka mti, upande wa ndani ukitazama juu. Yananyonya maji na kuyaachia polepole, na wakulima wa minazi wa India na Sri Lanka wanafanya hivyo tangu zamani. Juu yake tandaza majani makavu ya migomba yaliyokuja yamefungia ndizi, au maboksi yaliyobanduliwa utepe wa plastiki. Unene wa kiganja unatosha. Acha nafasi kidogo kuzunguka shina, la sivyo mchwa watafikiri umewaandalia karamu. Udongo uliofunikwa hivi hukaa na unyevu siku nyingi zaidi kuliko ulio wazi, na ndoo mbili za wiki zinaweza kugeuka moja. Jaribu kwa kijiti: kisukume ardhini hadi urefu wa kidole cha kati, kikitoka na udongo umekishika, leo usimwagilie.

Mtungi wa udongo uliofukiwa hadi shingoni kando ya mti nao ni msaada mkubwa kwa miche. Unaujaza, unaufunika kwa kigae, na maji yanapenya kwenye kuta zake kadiri udongo unavyokauka. Wachina waliiandika njia hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mtungi uwe wa kawaida usiopakwa rangi wala kung'arishwa, maana uliopakwa hautoi jasho. Ukikosa, dumu la zamani lenye tundu dogo la msumari chini yake linafanya kazi inayokaribia hiyo.

Sasa jambo ambalo wenye miti hawalitaki kusikia: si kila kiu ya mti ni ya kutuliza. Mwembe uliokomaa, wenye mizizi iliyoshuka mita kadhaa, unapita kiangazi chetu bila ndoo hata moja. Zaidi ya hapo, unakihitaji kiangazi hicho. Ubaridi na ukavu wa Juni na Julai ndio unaouambia mwembe uache kutoa majani na utoe maua. Ukiumwagilia kwa huruma mwezi Juni, utapata mti mzuri wa kijani wa kupigia picha, na Desemba utakwenda kununua embe sokoni. Mchungwa na mndimu nayo ina tabia hiyo: kipindi cha ukavu, kisha maji, ndicho kinachoamsha maua. Kwa mwembe mkubwa, funga mkono hadi uone vitunda vya ukubwa wa gololi, Agosti au Septemba. Hapo ndipo ndoo zako zina thamani. Ndoo kumi kwa wiki kwenye kisahani, zote siku moja, zitapunguza kudondoka kwa vitunda na kuvinenepesha. Zikimwagwa moja moja kila jioni hazifiki kwenye mizizi. Zinalowesha vumbi tu.

Mkomamanga ni mvumilivu wa ukame, lakini hauvumilii kubadilishiwa: ukiuacha ukauke mwezi mzima kisha ukaumwagia kwa wingi matunda yakiwa makubwa, yatapasuka yote. Upe kidogo, kwa utaratibu. Mpera na mtopetope haivunji moyo. Mtopetope hupukutisha majani kiangazi na watu wakadhani umekufa. Mpapai unataka maji ya mara kwa mara kwa kuwa mizizi yake iko juu, ila maji yakisimama chini yake siku mbili tatu masika, unaoza na kuanguka. Upandie kwenye tuta. Mgomba ni mlevi. Kama huna njia ya kuuelekezea maji yote ya kuogea, usiupande kabisa, na mwenye mparachichi kwenye ua wa Kariakoo ninampongeza kwa moyo wake, simshauri mwingine.

Turudi kwenye zile wiki za mwisho wa kiangazi. Bomba la DAWASA halitakuokoa wakati huo, na si kwa ubaya wa mtu. Sehemu kubwa ya maji ya jiji inatoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu kule Mlandizi na Ruvu Chini kule Bagamoyo. Mvua zikichelewa, mto unapungua kwa mitambo yote miwili kwa pamoja, kama tulivyoona Oktoba 2022 mgao ulipotangazwa. Yaani bomba lako na mti wako vinapata kiu mwezi mmoja. Wakati wa mgao maji ya bomba ni ya watu, na anayemwagilia mwembe kwa mpira huku jirani anapanga madumu anatafuta uadui.

Jikoni kuna nini? Maji ya kuosha mchele na mboga, yote ni ya mti. Maji ya kufulia, chukua ya kusuuza. Ya kwanza yenye sabuni nzito na hasa yenye dawa ya kung'arishia nguo yaende chooni, maana yanajaza udongo chumvi. Maji ya kuoshea samaki wabichi yana chumvi pia, na yanaita paka. Familia ya watu sita ikiweka ndoo moja tu ya kukusanyia karibu na karo, mindimu miwili imepata mahitaji yake.

Halafu kuna maji ambayo Kariakoo inayamwaga vichwani mwetu. Pita Mtaa wa Aggrey, wa Swahili au wa Congo saa nane mchana, hesabu matone yanayokuangukia kutoka kwenye viyoyozi. Ni mvuke wa hewa ya pwani uliogeuka maji, na kwa unyevu wa Dar mashine moja inatoa lita kadhaa kwa siku. Hayafai kunywa, kwa kuwa yamepita kwenye vyuma na vumbi, lakini hayana chumvi, na kwa mndimu wa kwenye chungu hakuna maji bora. Mwenye duka akiunganisha mpira mdogo kutoka kwenye mashine hadi kwenye dumu, anapata maji ya kila siku hasa miezi ya joto ya Januari na Februari, wakati vuli imekwisha na masika haijaanza. Hata mwenye miti iliyokwisha kunyweshwa maji ya chumvi anaweza kuyatumia kuosha udongo wa chungu: mwaga mengi kwa mkupuo hadi yatoke chini, yaache yaende, rudia wiki inayofuata.

Boza na mkokoteni ni kimbilio la mwisho. Swali la kumuuliza dereva kabla hajafungua koki ni moja: maji ya wapi? Onja mwenyewe. Ulimi ukigundua chumvi hata kidogo, mindimu isipewe. Ipe minazi na mkunazi. Na maji ya namna hiyo yasiguse majani, yamwagwe chini tu, jioni jua likishapoa.

Wanaoishi ghorofani na kufuga miti juu ya paa, ushauri wote wa hapo juu ni wenu pia, ila kwanza kuna uzito. Lita 1,000 za maji ni tani moja kamili, na hapo tanki lenyewe hujalihesabu. Pipa la udongo uliolowa ni zaidi ya kilo 200. Baada ya ghorofa kuporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya ishirini, sidhani kama yupo wa kuniuliza kwa nini nasisitiza mhandisi aitwe kabla tanki halijapandishwa. Tanki na mapipa makubwa vikae juu ya nguzo na mihimili, kamwe katikati ya zege. Miti ya kwenye mapipa chagua midogo: mndimu, mkomamanga, mpera uliopogolewa. Juu kule upepo na jua vinakausha pipa kwa siku moja, hivyo panga mapipa yagusane, makubwa upande wa jua la magharibi, na yanyweshwe kidogo kidogo kila siku. Kanuni ya ndoo nyingi siku moja ni ya ardhini, haifai pipani.

Mbu sasa. Dar ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anapenda maji safi yaliyotulia nyumbani kwa watu kuliko dimbwi la matope. Tanki lifunikwe kabisa, na kila tundu, hata la bomba la kufurika, liwe na wavu wa matundu madogo. Pipa lisilo na kifuniko funga kitambaa cha chandarua kwa kamba ya mpira. Gata lisipokuwa na mteremko linabaki na maji kwenye viungo, na hapo yai linageuka mbu ndani ya wiki moja au siku kumi. Mtungi uliofukiwa nao ufunikwe. Visahani havina shida mradi maji yanaingia ardhini siku hiyo hiyo; yakilala hadi kesho, udongo wako umeshikana, uchimbue.

Kwa wafanyabiashara wenye shamba Mkuranga, Kisarawe au Chanika na wanaofika Jumapili tu, nina machache. Panda masika yanapoanza ili mche upate miezi mitatu ya mvua kabla ya kiangazi. Kama hakuna nyumba shambani, jenga banda la mabati machache tu, lenye gata na mapipa ya lita 200. Banda la mita 4 kwa 5 linakupa lita 16 kwa kila milimita. Kila mche uwe na kisahani cha nusu mwezi, mdomo ukitazama juu ya mteremko, ili maji yanayotiririka yanase hapo. Na idadi ya miche ifuate idadi ya ndoo unazoweza kujaza Agosti, usiipange kwa ukubwa wa ekari. Miche 30 hai inashinda 100 iliyokauka, na miche si ya bei rahisi siku hizi.

Kama unasoma haya kabla ya Machi, gata lifungwe Februari, fundi bomba akiwa hana kazi nyingi na bei yake ikiwa chini. Mvua ya kwanza ikishagonga bati, kila mtu mtaani atamtafuta yeye huyo huyo.